Siku Mtambo wa Umoja Ulipoanza Kujumlisha

Nchi yenyewe haimo kwenye ramani, na wananchi wake wameombwa wasiulize kwa nini. Bendera inayo, wimbo inao, na ina Mlezi wa Taifa ambaye picha yake hutundikwa katika kila ofisi juu ya saa ya ukutani, ili anayetaka kujua ni saa ngapi amtazame yeye kwanza. Kompyuta inayo moja. Si kwamba nchi ilishindwa kununua nyingine. Mlezi aliona tu kwamba kompyuta nyingi zingeleta majibu mengi. Kwa hiyo mashine mia kadhaa zilipangwa ndani ya jengo lisilo na madirisha juu ya Kilima cha Utulivu, zikaunganishwa kwa nyaya zifanye kazi kama mashine moja, zikaitwa Mtambo wa Umoja. Wizara zote zikautumia huo huo. Chakula, Barabara, Magereza, Kalenda, kila moja ilikuwa na skrini zake mezani, lakini ubongo ulikuwa mmoja, kule kilimani, unanguruma bila kupumzika. Watu wa jirani walisema mbwa wao waliacha kubweka tangu ulipowashwa.

Katika Wizara ya Chakula alikuwepo mwanamke aitwaye Sikitu Malunde, mtabiri wa akiba. Kazi yake ilikuwa kuiambia serikali mahindi yaliyomo kwenye maghala ya taifa yatadumu mpaka lini. Aliyemtangulia aliifanya kazi hiyo mpaka akastaafu kwa heshima zote, na kila mwaka taarifa yake ilikuwa neno moja: Yanatosha. Sikitu alikuwa na bahati mbaya ya kuisomea.

Sasa, kwa sheria ya nchi ile, namba haikuruhusiwa kuingia kwenye Mtambo mpaka ipewe alama ya heri au ya shari. Magunia ni heri, panya ni shari. Wanafunzi ni heri, wafungwa ni shari. Bunge liliwahi kukaa kikao kizima likijadili kama mvua ni heri au shari, likaazimia kwamba mvua isinyeshe mpaka jambo hilo lipatiwe ufumbuzi. Mvua ikatii. Huu ulikuwa msimu wa tatu inatii.

Na ndani ya Mtambo kilikuwemo kijiprogramu kimoja kidogo kiitwacho Jumlisha. Programu nyingine zote, kubwa kwa ndogo, zilipotaka kujumlisha kitu zilimwita huyo huyo. Alitungwa zamani na kijana mmoja hodari, ambaye baadaye alipewa ubalozi. Jumlisha alipokutana na namba ya heri aliihesabu mara mbili. Alipokutana na za shari alihesabu tatu za kwanza akaziruka zilizobaki, maana kurudiarudia shari ni kuwakatisha watu tamaa. Wakubwa waliijua habari hii kama mtu anavyojua harufu ya mdomo wa bosi wake. Kila mmoja anaijua, na hakuna siku itakapoandikwa kwenye ajenda.

Sikitu naye aliijua, na kwa miaka aliishi nayo. Kisha dada yake, Kashindye, akampigia simu kutoka Nyika ya Mashariki walikozaliwa. Hakulalamika. Alisema ghala la kwao lina walinzi wapya na kufuli mpya, na kwamba yeye na watoto wamechemsha mbegu za kupandia, zikaiva vizuri. Sikitu aligeukia skrini yake akalitafuta ghala hilo. Skrini ilimwambia limejaa mpaka mlangoni.

Iko programu iitwayo Upeo, inayotumiwa na watabiri wa nchi nyingine. Ukiipa magunia yaliyopo na midomo iliyopo inakupa siku ambayo sufuria ya mwisho itabaki tupu. Sikitu aliamua kuiomba.

Kwingineko, kuweka programu kwenye mashine ya pamoja ni kazi ya programu nyingine iitwayo msimamizi wa vifurushi. Unaiambia unachotaka, inakwenda kukileta pamoja na kila kinachohitajika ili kifanye kazi, inapanga kila kimoja mahali pake. Katika nchi hii, kamati iliyotunga sheria iliona neno msimamizi ikadhani ni mtu, ikampangia ofisi, gari na katibu muhtasi, kisha ikatafuta mwananchi mwenye uzoefu na vifurushi. Ndivyo alivyopatikana Mzee Chanzi Mavere. Alikuwa amekaa Posta maisha yake yote akigawa vifurushi dirishani, na hakikupotea hata kimoja. Alikula kiapo mbele ya Jaji Mkuu. Hasa kidole chake cha shahada ndicho kilichoapishwa, kwa kuwa ndicho alichochapia. Programu yenyewe iliachwa humo ndani ifanye kazi yake chini yake, kama karani.

Sikitu alimpenda mzee huyu. Ofisini kwake, kule kilimani, palinuka chai ya tangawizi, na kila aliyeingia aliulizwa kwanza habari za nyumbani, tena Mzee alingoja ajibiwe. Siku hiyo alipoulizwa habari za nyumbani, Sikitu alimweleza habari za mbegu. Mzee Chanzi akamsogezea kikombe cha chai.

Sikitu aliomba jambo dogo. Aliomba Upeo iwekwe kwenye folda yake mwenyewe, kando, isiguse kazi ya mtu mwingine yeyote. Huko duniani watumiaji wa mashine za pamoja hufanya hivyo kila siku, na jirani hajui wala hadhuriki. Mzee alisikitika, akamsomea Sheria ya Umoja. Hakuna raia mwenye chumba chake peke yake ndani ya Mtambo. Chumba cha peke yako ndimo vinamozaliwa vyama vya upinzani. Kinachowekwa kiwekwe pa wote, kiwe cha wote.

Basi akavaa miwani, akanyoosha kidole kilichoapishwa, akachapa alichotajiwa. Mtambo ulifikiri, kisha ukaandika maneno kwenye skrini na kusimama.

"Inasemaje, mwanangu?"

"Inasema Upeo haiwezi kukaa bila Jumlisha toleo jipya. Itamtoa Jumlisha wa zamani na kumweka mpya. Kwa wizara zote, Mzee, si kwangu tu. Inauliza tuendelee au tuache."

"Na huyo mpya ana nini asichokuwa nacho wa zamani?"

Sikitu aliutazama mlango. Katibu muhtasi alikuwa akichapa chumba cha pili.

"Anajumlisha," alisema.

Mzee Chanzi alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, polepole, kama mtu anayetafuta nafasi ya kufikiri bila kuonekana anafikiri. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alikuwa na mke, Bi Nyamizi, na nyumba iliyokosa bati upande mmoja. Sikitu alitaka kumwambia waache. Kisha akazikumbuka zile mbegu, akamwacha aendelee kufuta miwani.

"Posta tulikuwa na amri moja," mzee alisema mwishowe. "Kifurushi kikishafika, mwenyewe apewe. Si kazi ya mtu wa dirishani kuamua kama kilichomo ndani kitamfurahisha."

Akabonyeza.

Hakuna kilichotokea ambacho jicho lingeona. Mtambo ulishukuru, ukaendelea kunguruma. Sikitu alirudi mezani kwake akaifungua Upeo, akaipa magunia na midomo. Jibu lilipotoka alilisoma, akazima skrini, akakaa ameiweka mikono mapajani. Ilikuwa wiki sita.

Siku iliyofuata ilikuwa Siku ya Shibe, sikukuu kubwa kupita zote, ambapo Mlezi huhutubia taifa akiwa amesimama juu ya magunia. Utaratibu ulikuwa kwamba Mlezi anasoma hotuba kwenye kioo kilichowekwa mbele yake, na namba za hotuba zinaingia zenyewe kutoka kwenye Mtambo, ili ziwe mbichi. Mlezi hakuwa na desturi ya kusikiliza anachosoma. Alianza vizuri. Aliwasifu mababu, akawasifu wajukuu, akailaani njaa ya nchi jirani. Kisha akasema kwa sauti yake ile nzito, inayosikika mpaka kwenye redio zilizozimwa:

"Ndugu wananchi, ninayo furaha isiyo kifani kuwatangazia kwamba, kwa uongozi wangu thabiti, taifa letu leo hii lina akiba ya mahindi ya wiki sita."

Bendi ikapiga tarumbeta. Watu wakapiga makofi kwa mazoea, halafu makofi yakapungua kuanzia nyuma kuja mbele, kama taa za mtaa zinavyokatika. Mlezi aliendelea kusoma. Alisoma kwamba magereza ya nchi yana watu wengi kuliko shule zake. Alisoma kwamba kati ya madaraja aliyoyazindua limebaki moja, nalo lisipitwe. Aliposhuka alimuuliza mpambe wake kwa nini watu hawakuimba.

Sikitu alikuwa uwanjani na watumishi wenzake, wote wamevaa fulana za Shibe. Hakuna aliyegeuza shingo. Aliona tu jinsi kila mtu alivyoanza kusogea kidogo kidogo mbali na mwenzake, ili kila mmoja awe peke yake.

Serikali ilichukua hatua mara moja. Wizara ya Kalenda ilitangaza kwamba neno wiki limekuwa likitumiwa vibaya tangu enzi za ukoloni, na kwamba kuanzia sasa wiki moja ni miezi sita. Kwa hiyo akiba iliyotangazwa ni ya miaka mitatu, na wananchi wawe watulivu. Wafanyakazi waliouliza kuhusu Jumapili waliambiwa itafika kwa wakati wake. Waziri wa Barabara aliifunika skrini yake kwa kitambaa cha meza. Mkuu wa Magereza aliigeuzia ukutani, lakini ukutani kulikuwa na kioo, kwa hiyo akahama ofisi.

Mtu mmoja tu alifanya kitu kisichokuwa kwenye utaratibu. Waziri wa Chakula hakuwahi katika utumishi wake kuona namba ya kweli, akashtuka, na kabla hajapata wa kumshauri akatuma chakula. Malori yalipakiwa kwenye ghala la mji mkuu, yakaelekezwa Nyika ya Mashariki. Sikitu aliyaona yakitoka, turubai zimekazwa kwa kamba, madereva wanapiga honi kama watu wanaokwenda harusini. Alimpigia simu dada yake akamwambia wawashe moto.

Jioni hiyohiyo Mzee Chanzi alichukuliwa ofisini kwake. Katibu muhtasi alisimulia kwamba watu waliokuja walikuwa na adabu. Walijibu habari za nyumbani.

Sikitu aliitwa kesho yake asubuhi kwenye Kamati ya Kumtafuta Aliyeharibu Hesabu. Mwenyekiti alikuwa Kanali Lukumbi, mtu mwembamba, msafi, mwenye sauti ya muuguzi. Alimkaribisha kiti na chai. Sikitu alikuwa amejiandaa njia nzima, na alipokaa alisema bila kuulizwa kwamba aliyetaka programu ile ni yeye, kwamba mzee yule hakujua anachobonyeza, na kwamba kama kuna kosa basi ni lake.

"Tunajua," alisema Kanali. "Yeye hajui kitu, na wewe unajua kumrudisha Jumlisha wa zamani. Ndiyo maana yeye yuko ndani na wewe uko nje."

Sikitu alikiweka mezani kikombe cha chai. Alikuwa amedhani ukweli ni kitu cha kuwapelekea watu wasiokuwa nacho.

Kanali alimweleza kwa utaratibu kwamba taifa haliwezi kuishi hivi. Wizara nzima zimeacha kufungua skrini. Mabalozi wanapiga simu. Mlezi hajala, na akiacha kula yeye ndipo njaa inapokuwa njaa. Hakutisha hata mara moja. Aliuliza tu kama kumtoa mpya na kumrudisha wa zamani ni kazi kubwa. Sikitu alisema si kubwa, nakala yake ipo, ni amri moja. Akauliza kuhusu malori. Kanali akasema malori yatafuata hesabu, kama kawaida. Akauliza kuhusu Mzee Chanzi. Kanali akaweka mkono kifuani, akasema kazi ikikamilika mzee atakuwa nyumbani jioni, anakunywa chai na mkewe.

Walikwenda kilimani kwa gari la Kanali. Ndani ya jengo kulikuwa na baridi kali, na mashine zilisimama safu kwa safu, taa zao ndogo zinapepesa. Walimkalisha mahali pa Mzee Chanzi, kwenye kiti kilichokuwa na mto alioufuma Bi Nyamizi. Neno la siri walikuwa nalo tayari. Sikitu hakuuliza wamelipataje, na baada ya kutouliza, hakuweza tena kuacha kuliwaza.

Aliandika amri. Mtambo ukamuuliza kama aendelee au aache.

Nasema hili kwa sababu wako watu waliomsimulia Sikitu kama shujaa, na wengine kama msaliti, na wote hawakuwepo. Alikaa pale akiyawaza malori, ambayo wakati huo yalikuwa njiani, na sufuria ya dada yake. Kisha akamuwaza mtu mmoja, mzee, anayeulizwa maswali ambayo hana majibu yake. Malori hayakuwa na uso. Mzee alikuwa nao. Akabonyeza.

Kanali alimshukuru kwa niaba ya taifa. Siku hiyohiyo maghala yalijaa. Madaraja yalisimama tena mahali pake, mengine mapya. Ofisi ya Msimamizi wa Vifurushi ilifungwa kwa kufuli, neno la siri likabadilishwa, na ikatangazwa kwamba Mtambo sasa umekamilika na hautawekewa kitu kingine milele. Wiki ilibaki miezi sita, kwa sababu Wizara ya Kalenda ilikuwa imeshachapisha.

Malori yalirudi kesho yake mchana. Dereva mmoja alimweleza Sikitu, pale getini, kwamba walikuwa wameshaona mapaa ya Nyika ya Mashariki, na watu wamejipanga barabarani, simu ilipoingia kwamba ghala la huko limejaa na wao wageuze. Alisema watu wale hawakupiga kelele. Walidhani malori yanageuza ili yapate pa kuegesha vizuri.

Sikitu alimpigia dada yake. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

Jioni ya siku ile ya ahadi alikuwa amekwenda nyumbani kwa Mzee Chanzi, akamkuta Bi Nyamizi peke yake. Alirudi jioni ya pili, na ya tatu. Ndipo akaenda Gereza Kuu. Ofisa wa mapokezi aliliandika jina lote, Chanzi Mavere, akaungoja Mtambo ujibu, akasema hayumo. Sikitu alimwomba aangalie tena. Ofisa hakukasirika. Alimgeuzia skrini aone mwenyewe: gereza lilikuwa na wafungwa watatu, na Mavere hakuwa mmoja wao.

Nyuma ya ukuta ulikuwa muda wa chakula. Sikitu alisikia sahani za bati zikigongana, mamia kwa mamia, kama mvua inayoanza kwenye paa. Ofisa alikuwa akizisikia pia. Alimtazama Sikitu kwa macho ya mtu anayemwomba mwenzake asiseme.

Sikitu alikwenda kwa Kanali. Kanali alimpokea vizuri kama mwanzo, akafungua skrini yake, akatafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alisema angependa kutimiza ahadi, lakini hawezi kumfungulia mtu asiyekuwepo. Hakuna sheria inayomruhusu. Kisha akafunga skrini, na Sikitu akaona kwamba Kanali hakuwa akidanganya kwa furaha. Alikuwa kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana.

Sikitu alikaa siku hiyo nzima chumbani kwake. Asubuhi akaenda kwa Bi Nyamizi amwambie kila kitu, kuanzia folda aliyonyimwa mpaka kitufe alichobonyeza mara ya pili. Hakumkuta. Jirani akasema mama huyo huondoka mapema na bakuli.

Alimkuta gerezani, ukuta wa nyuma, penye mlango mdogo wa chuma. Hakuwa peke yake. Foleni ya wanawake ilipinda kufuata ukuta mpaka kwenye kona, kila mmoja na chombo chake kimefungwa kitambaa. Sikitu alimsogelea akamwamkia, akaanza kusema. Bi Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho, macho yake yako mlangoni.

"Wanasema hayumo," alisema. "Nami najua wanavyosema. Lakini chakula wanapokea. Jana bakuli lilirudi tupu, na mfupa umetafunwa upande wa kushoto. Mume wangu hana meno ya kulia."

Hakumlaumu wala hakumsamehe. Alisogea kidogo, Sikitu akaona amepewa nafasi, akasimama nyuma yake.

Mlango ulikuwa bado haujafunguliwa. Mwanamke mmoja huko mbele, kwa kuwa foleni ilikuwa imeanza kuchanganyika, alisema afadhali kila mtu ajue wake ni wa ngapi. Akasema, "Wa kwanza." Aliyemfuata akasema, "Wa pili." Sauti zikaanza kuja kufuata ukuta, moja baada ya nyingine, nyingine za vikongwe, nyingine za wasichana. Baada ya wa tatu zikaendelea.

Askari alichungulia kutoka juu. Alisikiliza kidogo, akashuka, akaja kwa haraka huku akifunga vifungo vya koti. Aliwaambia kwamba mahali hapa hairuhusiwi kuhesabu. Walimwamkia. Akarudia, safari hii akiwa ameshika bunduki kwa mikono miwili, na sauti yake ilitetemeka kuliko zao. Kwenye kona ya mbali lilisimama gari, kisha la pili. Milango ikafunguliwa.

Sauti zilikuwa zimeshafika kwa Bi Nyamizi. Alisema yake, wazi, kama anayeitikia jina lake dirishani Posta. Halafu akageuka kumtazama Sikitu, akangoja.

Sikitu aliwaona watu wakishuka kwenye magari. Akafungua mdomo akasema namba yake.